Mbunifu Mwanafunzi Anachota Wapi Mawazo?

Mpe mwanafunzi wa ubunifu kazi ya muhula, awe anasomea mavazi, majengo, samani au nembo, na hatua yake ya kwanza itakuwa ileile: atashika simu. Atapitia Pinterest, mtandao uliofunguliwa mwaka 2010 na ambao sasa umekuwa daftari la pamoja la wabunifu wa dunia nzima, ataingia Instagram, atahifadhi picha arobaini au hamsini, kisha atazibandika kwenye ubao mmoja na kumwonyesha mwalimu kwamba msukumo wake umetoka hapo. Walimu wengi wanaukubali ubao huo, na wengine huutolea alama. Sina ugomvi na picha. Ninachotilia shaka ni dhana iliyojificha ndani ya zoezi hili, kwamba wazo huingia kwa macho, na kwamba atazamaye vitu vingi vizuri atatoka na kitu kizuri. Kazi zenyewe za wabunifu, tukichunguza zilivyozaliwa, zinatoa ushahidi mwingine. Chanzo cha wazo humfaa mbunifu kwa kadiri anavyoweza kukihoji: kimetengenezwa kwa nini, kwa gharama gani, kilikuwa kinamwondolea nani shida ipi. Kitu kisichoweza kujibu maswali hayo, hata kiwe kizuri namna gani, kinampa sura tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mtu aliyekuwa bado mwanafunzi. Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso, na kwa kuwa kijiji hakikuwa na shule, alipelekwa mjini angali mdogo ili asome. Alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa mafunzo ya useremala, akasonga mbele hadi akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin kusomea usanifu majengo. Shule ya msingi ya Gando ilikamilika mwaka 2001, yeye akiwa hajahitimu. Alihitimu mwaka 2004, mwaka uleule ambao shule hiyo ilishinda Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Alichota wapi? Berlin ina majengo yanayotembelewa na wasanifu kutoka kila pembe, na maktaba ya chuo haikukosa vitabu vya picha. Kéré alianza na joto. Aliyakumbuka madarasa ya utotoni, ya saruji, yenye giza na yanayochemka, watoto wamebanana. Swali lake likawa jinsi ya kulipoza darasa lisilo na umeme, kwa fedha kidogo za kuchangisha, kwa mikono ya wanakijiji wenyewe.

Udongo ulikuwepo tele, lakini wanakijiji hawakuutaka, maana walijua nyumba ya udongo inavyomomonyoka mvua ikishika. Akauchanganya na saruji kidogo, ukafyatuliwa matofali, na juu akaweka paa pana la bati linalotokeza nje ya kuta ili mvua isizifikie. Bati peke yake lingewaoka watoto. Kwa hiyo akaliinua juu ya dari ya matofali yenye matundu, akalikalisha kwenye fremu nyepesi za nondo ambazo mafundi wa kijijini waliweza kuzikata na kuzichomelea. Hewa ya moto hupanda ikatokea juu, ya ubaridi ikaingia madirishani. Baadaye, kwenye maktaba ya shule hiyohiyo, alichukua vyungu vya udongo vya palepale, akavikata na kuvipanga darini kabla zege halijamwagwa, vikaacha matundu ya mwanga na hewa. Ile sura ya paa linaloelea, ambayo leo haikosekani kwenye mbao za picha za wanafunzi wa usanifu, ilitokana na jua na mvua za Gando na mfuko usio na kitu. Mwanafunzi anayeinyofoa na kuipachika juu ya jengo la ofisi lenye viyoyozi amechukua jibu la mtu mwingine kwa swali ambalo yeye hakuulizwa.

Ubaya wa kuanza na picha umepimwa pia. Mwaka 1991 David Jansson na Steven Smith wa chuo kikuu cha Texas A&M, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa uhandisi. Makundi mawili yalipewa kazi moja ya kubuni, kwa mfano kikombe cha kahawa kisichomwagika. Kundi moja lilionyeshwa mchoro wa mfano, jingine likabaki na maelezo matupu. Idadi ya mawazo haikutofautiana sana, lakini waliouona mchoro waliurudia, pamoja na kasoro zake. Mchoro ulikuwa na mrija wakati maelezo yalikataza mrija, na bado mirija ikajitokeza kwenye karatasi zao. Watafiti waliofuata, Terry Purcell na John Gero, waliona kwamba wanafunzi wa ubunifu wa bidhaa hawanaswi kirahisi kama wahandisi, na wakaeleza kwamba huenda ni kwa sababu mafunzo yao yanawahimiza watafute tofauti. Hilo linatia moyo kidogo. Hata hivyo, mtu anayehangaika asifanane na picha aliyoiona bado anaongozwa na picha hiyohiyo, ila sasa anaikimbia. Aliyeanza na joto la darasa hana cha kuiga wala cha kukimbia.

Hapa msomaji anaweza kudhani nahubiri vya nyumbani: achana na vya wageni, chota kwa bibi yako. Sivyo. Jiko la mkaa lenye kiuno, lile la bati lenye kikombe cha udongo wa kuchoma ndani yake, linaonekana la kwetu kiasi kwamba ukimwambia mtu lina mjomba Asia atacheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilipokuwa ikitafuta namna ya kupunguza mkaa unaoteketea mijini, wazo lilichukuliwa Thailand, kwenye jiko la ndoo ambalo lilikuwa na udongo ndani na bati nje. Jiko la kawaida la mafundi wa jua kali lilikuwa bati tupu, na joto lake jingi lilipotelea ubavuni kabla halijafika kwenye sufuria. Kulileta la Thailand kama lilivyo hakukutosha. Udongo na bati havitanuki kwa kiasi kimoja vinapopata moto, na kikombe kilichoshikamana na bati kutoka juu hadi chini kilikuwa kinapasuka. Tena jiko la huku husongewa ugali, mwiko unasukuma sufuria huku na huku, na jiko lisilo na kitako kipana litapinduka. Vikundi vya wanawake vililijaribu vikasema kinachowasumbua. Likafikiwa umbo la kiuno: bati limebanwa katikati, kikombe kinakaa nusu ya juu tu, chini panabaki papana pa kubeba uzito na kupokea majivu, na kati ya udongo na bati hutiwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisipenye. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, mkaa unaotumika hupungua kwa kati ya asilimia 30 na 50. Na kwa kuwa bati lilikatwa na kukunjwa kwa zana zilezile ambazo mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji, Nairobi, walikuwa nazo tayari, walilichukua, wakalitengeneza na kuliuza bila kusubiri kiwanda.

Nimelikalia jiko hili kwa sababu linaonyesha kwamba umbali wa chanzo si hoja. Thailand iko mbali na Nairobi kuliko Berlin ilivyo mbali na Burkina Faso. Kilichofanya wazo lishike ni kwamba jiko la Thailand lilifunguliwa: waliolileta walijua udongo uko pale kwa ajili ya nini, na kwa hiyo walijua wanaweza kubadilisha nini bila kuua kazi yake. Mtu aliyeona picha tu ya ndoo ile angeweza kuchora ndoo nzuri zaidi, akaipaka rangi, na isipike.

Kwa kigezo hicho, nikiulizwa mwanafunzi wa pwani aanzie wapi, nitataja kanga, na sababu yangu haina uhusiano na uzalendo. Kanga ni rahisi kuihoji. Kila doti ina vipande viwili, kila kipande kina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina katika kisanduku chake juu ya pindo la chini. Kipande kina upana wa karibu sentimita 110 na urefu wa karibu 150, na vipimo hivyo vimetoka mwilini: kinatosha kujifunga kifuani au kiunoni, kumbeba mtoto mgongoni, kujitanda kichwani. Rangi ni chache kwa kuwa katika uchapaji kila rangi inataka skrini au rola yake, na kila skrini ina bei. Jina limewekwa mahali ambapo, nguo ikishafungwa, macho ya anayefuata nyuma yanaweza kulifikia, jambo ambalo mke mwenza au jirani mwenye maneno hakuhitaji kufundishwa chuoni. Anayetafuta asili safi ataipata kanga ikimcheka. Masimulizi ya historia yake yanaanza karne ya 19 kwa vitambaa vya leso vilivyoshonwa pamoja, na hilo neno leso lenyewe ni la Wareno. Kisha zikachapwa Ulaya, India na Japani kwa maagizo ya wafanyabiashara wa Zanzibar na Mombasa. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuingiza majina mwanzoni mwa karne ya 20. Viwanda vya huku, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilikuja mwishoni kabisa mwa mlolongo huo.

Basi chanzo cha kanga kilikuwa nani? Mchoraji aliyekaa Uholanzi alikuwa na kalamu, lakini hakuwa na wazo kamili. Wazo lilikuja kwa barua ya mfanyabiashara, naye alikuwa amelipata dukani, kwa wanawake waliokataa mchoro huu na kugombania ule. Doti isiyonunuliwa ilikuwa hukumu tosha. Mwanafunzi anayenyofoa mchoro wa korosho ulio kwenye pindo na kuubandika kwenye mkoba wa kompyuta, akauita mkoba huo wa Kiswahili, hajaingia kwenye mazungumzo hayo hata kidogo. Mwenzake akiuliza kwa nini jina limekaa pale lilipo, anaweza kujikuta amefika kwenye koti la mwendesha bodaboda, ambalo nalo husomwa na aliye nyuma, likiwa kwenye mwendo, katika mwanga mbaya, na linahitaji kuchapwa kwa bei nafuu. Koti hilo huenda lisifanane na kanga kwa chochote, na bado litakuwa limetoka kwenye kanga.

Kuna watakaosema kwamba hii ni anasa ya watu wa mijini. Mwanafunzi aliyeko Kigoma au Bukavu hana jumba la makumbusho la maana karibu, wala safari ya kwenda Thailand. Simu ndiyo imemfungulia dunia, na kumnyang'anya kwa jina la kina ni kumrudisha gizani. Pingamizi hili lina haki. Lakini simu hiyohiyo inaleta vitu vya aina mbili. Majumba kama Rijksmuseum la Amsterdam na Metropolitan la New York yameweka mitandaoni picha za mikusanyo yao pamoja na vipimo, mali ghafi, mahali na wakati kitu kilipotengenezwa. Video za mafundi zinaonyesha mkono ukifanya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vyanzo hivi vinahojika. Picha inayozunguka ikiwa imepoteza jina la aliyeitengeneza, ukubwa wake na kazi yake, haihojiki, na mtandao unaopanga picha kwa kufuata ulizopenda jana utakuletea kesho zinazofanana nazo. Isitoshe, Kigoma kuna mitumbwi ya mbao ambayo kila ubao wake una sababu, na wanaoitengeneza wanapatikana kwa miguu.

Pingamizi zito zaidi linatoka Harare. Jengo la Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996 na kusanifiwa na Mick Pearce pamoja na wahandisi wa kampuni ya Arup, linajulikana kwa kupoa bila kiyoyozi cha kawaida. Pearce alisema amejifunza kwa mchwa, ambao kichuguu chao kilidhaniwa kuwa kinavuta hewa na kuweka kiota katika joto lisilobadilika. Mwaka 2008 watafiti Scott Turner na Rupert Soar walieleza kwamba vichuguu havifanyi kazi hivyo: joto la kiota hufuata joto la ardhi inayokizunguka, na kichuguu kinahusika zaidi na kubadilishana hewa, namna ya pafu. Kwa maneno mengine, mbunifu alikielewa chanzo chake vibaya, na jengo likafanya kazi. Je, hoja yangu haijaanguka hapo? Ingeanguka kama Pearce angechukua umbo la kichuguu na kujenga mnara wa udongo. Alichochukua ni swali kuhusu hewa na joto, kisha jibu lake likapitishwa kwenye hesabu za wahandisi: usiku feni huvuta hewa baridi kupitia sakafu nzito za zege, zege huhifadhi ubaridi, na mchana hewa iliyopata moto hutoka kupitia mabomba ya juu. Jibu lisilo sahihi kuhusu mchwa halikuwa na madhara kwa sababu hakuna aliyelitegemea kuwa uthibitisho. Nakubali hata hivyo kwamba Eastgate inanilazimisha nilegeze kamba kidogo. Kukihoji chanzo hakumaanishi kukielewa kikamilifu; kunamaanisha kukitumia kuuliza jambo linaloweza kupimwa.

Milango ya Zanzibar inaleta ugumu wa aina nyingine. Misumari ya shaba iliyochongoka husimuliwa kuwa na asili ya India, ambako ilizuia tembo wasisukume malango. Unguja haikuwa na tembo wa kusukuma mlango wa mtu. Umbo lilivuka bahari bila sababu yake, na hakuna anayeweza kusema milango ile imekosea. Nadhani jibu ni kwamba sababu ilibadilishwa njiani: shaba ilikuwa ghali, na msumari ulioacha kumzuia tembo ukaanza kumtangaza tajiri. Aliyeiagiza alijua anachokilipia. Hata mapambo huwa na kazi, na mwanafunzi anayeweza kuitaja kazi hiyo ana haki ya kupamba.

Lakini je, ufundi wote haukuanza kwa kuiga? Ulianza hivyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya mbao za dari za mraba, kwa rangi za mafuta zinazong'aa za aina inayopakwa baiskeli, na waliokaa naye walijifunza kwa kufuata mkono wake. Anayenakili kwa mkono na kwa vifaa vilevile analazimika kugundua kwa nini: rangi ile hukaa bapa, haikubali kufifishwa taratibu kama rangi ya maji, na ndiyo maana wanyama wale wana mistari mikali na madoa yaliyo wazi. Kunakili kwa namna hiyo ni kuhoji kwa vidole. Kunakili kwa kubonyeza hakumfundishi mtu upande huo wa kazi, na hapo ndipo naona vyuo vyetu vimelegea, vikiruhusu mwanafunzi wa vitambaa amalize bila kukoroga rangi hata ndoo moja.

Suala la nani mwenye mali nalo linabadilika likitazamwa hivi. Mavazi ya kiume ya Louis Vuitton ya majira ya kuchipua na kiangazi ya 2012, yaliyobuniwa na Kim Jones, yalitumia miraba ya shuka ya Kimaasai, na Wamaasai wamekuwa wakijipanga kudai haki juu ya matumizi kama hayo. Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni mwaka 2016. Sheria ni muhimu, hasa pale kampuni inapopata faida kwa sura na jina la watu. Ila kwa mwanafunzi, mstari kati ya kujifunza na kunyang'anya huonekana mapema kuliko mahakamani. Aliyekwenda kwa mfumaji wa kiondo kumuuliza jinsi anavyoanza kitako amepata mwalimu wa kumtaja na, ikiwezekana, mshirika wa kulipwa. Aliyechukua picha hajui hata amchukulie nani ruhusa.

Limebaki pingamizi la muda, na wanafunzi hulitaja kwanza: muhula ni mfupi, kazi ni nyingi, na ubao wa picha unakamilika usiku mmoja. Ni kweli kwamba shule ya Gando ilichukua miaka, na hakuna mwalimu atakayesubiri hivyo. Lakini kuhoji kitu kimoja hakuhitaji miaka. Kwenda Mtaa wa Biashara Mombasa au kwenye maduka ya kanga Kariakoo, kupima pindo kwa futi, kuhesabu rangi, kumuuliza muuzaji doti ipi imekwisha wiki hii na ipi imekaa rafuni tangu Idi, ni kazi ya asubuhi moja. Majibu yake yanaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na mwalimu ataweza kuyasahihisha kwa haki kuliko anavyosahihisha picha hamsini, kwa sababu yanaweza kuwa na makosa.